Acheni kupuliza kaseti, jamani!

Najua nimewasusa kama wiki tatu hivi, mniwie radhi. Testi zilibana, halafu zilipoisha nikakimbia nyumbani Tanga mara moja, siku nne tu, nikarudi na mzigo ambao umezua mjadala chumbani kwetu mpaka leo. Nimeona bora niulete hapa kibarazani tuumalize wote.

Mzigo wenyewe ni mashine ya gemu. Sio hizi za kisasa mnazochezea mabandani kwa kulipia dakika, hapana. Ni Super Nintendo, ile ya Ulaya, ya kijivu, pedi yake ina vitufe vya rangi nne. Na kaseti zake tatu (kuna wanaoziita katriji, mie nimekua nikisikia kaseti, basi tuziite kaseti). Mjomba wangu alikuwa baharia, aliileta mwishoni mwa miaka ya tisini ikiwa tayari mtumba. Ikakaa sebuleni miaka, baadaye ikahamia kabatini kwa mama, imeviringishwa kwenye kanga.

Sasa nimefika hosteli, nimefungua begi tu, rumeti wangu kadaka kaseti moja, kaigeuza chini juu, kavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, halafu... FUUUU! Wadau, nilipiga ukelele mpaka jirani wa chumba cha pili akagonga ukuta. Rumeti kanitolea macho: "Shoga, vipi tena? Si ndivyo zinavyosafishwa?"

Hazisafishwi hivyo. Na hiyo ndiyo hoja yangu ya leo. Kwa nini nilipiga ukelele mkubwa kiasi kile nitawaambia huko mbele, kwa sababu haikuwa kaseti yoyote tu.

Tuanze na haki. Rumeti wangu hana kosa peke yake. Wote tumepuliza. Waliokua uswahilini kama mie wanakumbuka, kila mtaa ulikuwa na nyumba moja yenye TV gemu, ile mashine ya Kichina yenye kaseti za njano. Lebo imeandikwa gemu 9999, ukizihesabu kwa makini ni nne zinajirudia. Sie Ngamiani tulikuwa tunalipa shilingi hamsini kwa zamu. Ikigoma, picha inajaa michirizi, mwenye mashine anachomoa kaseti, anapuliza fuu fuu, anairudisha. Ikikubali tunashangilia kama vile Coastal kafunga. Hakuna aliyetufundisha, tuliona tu wakubwa wanafanya na sie tukafanya.

Kumbe ile mashine ilikuwa nakala ya mashine ya Kijapani inayoitwa Famicom, ambayo Nintendo waliitoa Julai 1983. Aliyeongoza kuibuni ni mhandisi Masayuki Uemura, amefariki Desemba 2021. Na wazo lenyewe la kuwa na mashine moja halafu unabadilisha kaseti ni la zamani zaidi ya hapo. Mwaka 1976 ilitoka Marekani mashine ya Fairchild Channel F, ya kwanza kuuzwa ikitumia kaseti zenye chipu za kumbukumbu ndani. Kiongozi wa kazi ile alikuwa Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani mweusi. Wangapi mnamjua? Mie mwenyewe nimefika mwaka wa pili wa chuo sijawahi kumsikia, na nimechezea matunda ya kazi yake tangu sijui kusoma.

Haya, turudi kwenye kupuliza. Ukiifungua kaseti, ndani hamna utepe wala mota. Kuna kibao kidogo chenye chipu, na ukingoni mwa kile kibao kuna vijistari vya shaba vimepangana kama meno ya kitana. Kwenye zile orijino shaba imepakwa dhahabu nyembamba sana. Kaseti za Famicom zina meno 60, za mashine iliyouzwa Marekani, NES, zina 72. Ukiichomeka, kila jino linabanwa na kijichuma chenye springi ndani ya mashine. Chuma kikigusana na chuma, umeme unapita na gemu inawaka. Katikati kukiwa na mafuta ya vidole, vumbi au kutu, jino moja tu likikosa mwenzake, unapata skrini tupu au picha ya vurugu.

Sasa niambieni, pumzi inafanya nini hapo? Vumbi jepesi labda linaondoka. Mafuta hayaondoki, kutu haiondoki. Unachoongeza ni unyevu, na ukipuliza kwa nguvu unaongeza na mate. Shaba na unyevu mnajua mwisho wake... ni ile kutu ya kijani. Na sie wa Tanga, na nyie wa Dar, Zanzibar, Mombasa, hewa yetu tu ina chumvi tayari. Tunaongezea na mate ya nini?

"Lakini ilikuwa inakubali!" Ndivyo alivyonijibu rumeti, na najua wengi mtanijibu hivyo hivyo. Ni kweli ilikuwa inakubali. Lakini angalia vizuri ulichokifanya. Ulichomoa, ukapuliza, ukachomeka. Kile kitendo cha kuchomoa na kuchomeka tena kinafanya meno yasuguane na springi na yakae mahali tofauti kidogo na mwanzo. Hiyo ndiyo iliyokuwa inasaidia. Jaribu kuchomoa na kurudisha mara tatu bila kupuliza uone. Pumzi ilikuwa inachukua sifa ya bure, kama mganga anayesifiwa kwa mvua iliyokuwa inakuja yenyewe.

Na msidhani ni ushamba wetu wa uswahilini. Watoto wa Marekani walipuliza kuliko sie. NES ilipoingia kule mwaka 1985, iliundwa kaseti iingizwe kwa mbele halafu ishushwe chini, ifanane na deki ya video. Zile springi zikawa zinalegea mapema. Halafu kulikuwa na chipu ya ulinzi ya kuzuia kaseti zisizo rasmi, nayo isipowasiliana vizuri na mwenzake wa ndani ya kaseti, mashine inajizima na kujiwasha, taa nyekundu inapepesa kila sekunde. Basi watoto wakawa wanapuliza nchi nzima. Nintendo wenyewe walisema wazi kwamba msipulize, unyevu wa pumzi unaharibu meno. Mwaka 1989 wakaanza kuuza hadi vifaa vya kusafishia. Nani alisikiliza? Bado watu walipuliza.

Hapa naomba nitoke nje ya gemu kidogo, msinishike shati. Mie naona kupuliza ni tabia, na hapa kampasi tunayo kwenye kila kitu. Projekta ikizingua, mtu anachezesha waya. Feni ikigoma, inapigwa kibao. Soketi ya ukutani imelegea, tunasokomeza kijiti cha kiberiti. Ikikubali tunasema "imepona", tunaendelea na maisha. Wadau, kukubali sio kupona. Ikikubali leo bila wewe kujua kwa nini, kesho itagoma tena, na siku moja itagoma moja kwa moja, tena siku ya prezentesheni.

Haya, kama si kupuliza, tufanye nini? Nawapa ninavyofanya mie, na mnaniona mie mtoto wa kike nimeshika bisibisi, kwa hiyo hakuna wa kusema hawezi.

Kwanza, chomoa kila kitu kwenye umeme. Sio kuzima swichi tu, chomoa.

Pili, tafuta alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Waulize mafundi simu wanakoinunua, au maduka yanayouza kemikali za maabara. Ya asilimia 70 ina maji mengi zaidi, itasafisha lakini uiache ikauke muda mrefu. Spiriti ya buluu achana nayo, ina rangi na mengineyo. Sanitaiza ndio usiguse kabisa, ile imechanganywa na vitu vya kulainisha mikono, vitabaki kwenye meno na kunasa vumbi.

Tatu, kijiti cha pamba cha masikio. Kichovye, kikamue kidogo kisichuruzike, kisha pitisha kwenye meno kutoka juu kwenda chini, pande zote mbili. Kikitoka cheusi, tupa, chukua kingine. Rudia mpaka kitoke cheupe. Malizia na kijiti kikavu. Iache dakika kumi hadi kumi na tano kabla ya kuichomeka. Kama una haraka, basi fanya siku nyingine.

Hapo kuna mjuaji atasema, mbona nyuma ya kaseti nyingi za Nintendo pameandikwa usitumie alkoholi wala thina? Ni kweli imeandikwa, na sitaki kuwaficha. Alkoholi ikigusa lebo inaweza kuifuta, thina inayeyusha plastiki, na mtu akichomeka kaseti ikiwa bado mbichi ni balaa. Lakini wakusanyaji wa leo karibu wote wanatumia isopropili kwa kiasi kidogo, kwenye meno tu, na wanasubiri ikauke. Mie nipo upande wao. Ila lebo isiguswe hata na tone.

Nne, msafishe na mashine. Kaseti safi kwenye mashine chafu ni kuoga halafu kuvaa nguo ya jana. Chukua kadi ngumu ya plastiki yenye upana unaoingia, izungushie kitambaa laini kisichotoa nyuzi, kinyunyizie isopropili kidogo, ichomeke na kuichomoa taratibu mara kadhaa. Isilazimishwe, zile springi zikipinda umekwisha.

Tano, adapta. Hii imeua mashine nyingi kuliko uchafu. Adapta ya mashine iliyotoka Marekani inataka volti 120, ya Japani volti 100. Umeme wetu ni 230. Ndugu yako akikutumia mashine kutoka Marekani ukaichomeka hivi hivi ukutani, utasikia harufu tu. Soma kwanza kilichoandikwa kwenye adapta yenyewe, namna ya umeme inaoingiza na inaoutoa. Ukishajua ni ipi ya mashine ipi, bandika karatasi uandike jina.

Sita, pa kuhifadhia. Pakavu, pasipo jua. Vile vipakiti vyenye punje unavyovikuta kwenye maboksi ya viatu msivitupe, vinanyonya unyevu, viwekeni kwenye boksi la kaseti.

Basi. Hapo umemaliza, na gharama yake haifiki hata chipsi mayai za wiki moja.

Mtaona sijasema habari ya msasa. Nakuja huko, na hapa nakiri dhambi. Nimesema nina kaseti tatu. Zilikuwa nne. Nilipokuwa kidato cha pili, ile ya nne iligoma, nikapuliza wee, haikukubali. Nikachukua msasa wa baba wa kulainishia mbao nikayasugua meno mpaka yakang'aa kama pete mpya. Ikakubali! Nilijiona injinia. Ikacheza kama wiki mbili hivi, ikagoma. Nikasugua tena. Ikagoma mapema zaidi. Nilikuwa naondoa ile dhahabu nyembamba iliyokuwa inailinda shaba, kila nikisugua shaba inabaki uchi, inashika kutu haraka kuliko mwanzo. Mwishowe mistari mingine ikaliwa kabisa. Kaseti ile ipo mpaka leo, imekufa, na muuaji ni mie. Kwa hiyo nikisema usafi una mipaka nasema kwa uchungu. Kama kuna doa sugu, raba nyeupe ya penseli kwa mkono mwepesi, tena iwe suluhisho la mwisho, halafu isopropili kuondoa mabaki.

Ndio maana pia sikubaliani na wale wanaong'arisha kila kitu. Mashine nyingi za kijivu hugeuka njano, na tangu mwaka 2008 kuna njia maarufu ya kuzipaka haidrojeni peroksaidi na kuziweka kwenye mwanga wa jua mpaka zirudi rangi yake. Inafanya kazi, sikatai. Lakini njano haizuii gemu kuwaka. Ya kwetu ina njano upande mmoja, ule uliokuwa unaelekea dirishani, na nitaiacha. Safisha kinachozuia kazi, kingine kiache kizeeke kwa heshima.

Sasa nirudi kwenye ule ukelele.

Mwenye mashine hasa hakuwa mie, alikuwa kaka yangu. Kanizidi miaka kumi. Mie nilikuwa mtazamaji tu, nakaa chini namshikia waya wa pedi usijikunje. Gemu yake ilikuwa The Legend of Zelda: A Link to the Past, ambayo Ulaya ilitoka mwaka 1992. Ni gemu ndefu, huwezi kuimaliza kwa kikao kimoja, kwa hiyo inahifadhi ulipofikia. Unachagua nafasi moja kati ya tatu, unaandika jina lako, ukirudi kesho unalikuta.

Kaka aliondoka mwaka 2013, mie nina miaka kumi. Alisema anakwenda Mombasa kutafuta kazi. Baadaye tukasikia yupo Durban. Mara ya mwisho kupiga simu ilikuwa 2016. Nyumbani hatulizungumzi sana. Mama akisikia watu wanasimulia habari za vijana waliozamia meli, anaondoka barazani anakwenda kuangalia sufuria hata kama jiko halijawashwa.

Safari hii nimekwenda nyumbani nikamwomba mama ile mashine. Nikaiunga kwenye TV yetu ya chogo iliyobaki chumba cha uani. Nikachomeka kaseti ya Zelda, skrini nyeusi. Mdogo wetu wa mwisho akasema, "Dada, ipulize." Nikamwambia hapana, kaniletee vijiti vya masikio. Chupa ya isopropili nilikuwa nimetoka nayo Dar. Vijiti sita vya kwanza vilitoka vyeusi, cha saba kijivu, cha tisa cheupe. Nikasubiri robo saa. Nikachomeka.

Ikawaka. Muziki ukaanza, nikabonyeza kitufe, ikaja ile sehemu ya kuchagua. Nafasi ya kwanza ina jina. Herufi tano, zote kubwa, lile jina lake la utani la mtaani ambalo mama alikuwa akilichukia. Pembeni mioyo kumi na moja.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza, "Nani kaandika hapo?"

Nikamwambia, "Mwenyewe, mama."

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Usiizime kwanza, mwanangu."

Mwe! Wadau, sina la kuongeza hapo.

Sasa sikilizeni tatizo lenyewe. Lile jina haliko kwenye chipu ya gemu. Gemu yenyewe ipo kwenye chipu isiyofutika hata umeme ukikatwa. Jina na mioyo vipo kwenye chipu nyingine ndogo ya kumbukumbu, ambayo inahitaji umeme muda wote, hata mashine ikiwa kabatini. Umeme huo unatoka kwenye betri ya duara kama sarafu, CR2032, aina ile ile wanayoweka kwenye ubao mama wa kompyuta, ila hii imelehemewa kwenye kibao. Betri ile ina umri zaidi ya miaka 30, imenizidi mie. Siku ikiisha, kaka anafutika. Hakuna sauti, hakuna tangazo, unawasha tu unakuta nafasi tatu tupu.

Tena sio betri tu. Ukiwasha kaseti yenye meno machafu, mawasiliano yakiwa ya kubahatisha, kile kilichohifadhiwa kinaweza kuvurugika hata kama betri ni nzima. Sasa mnaelewa kwa nini rumeti alipovuta pumzi juu ya kaseti ile nilipiga ukelele? Yeye aliona plastiki. Mie niliona mama yangu mlangoni.

Rumeti (tumeshapatana, msiwe na wasiwasi, kanisaidia hata kuhariri haya) alinipa hoja ambayo ni ya wengi: "Si upakue hiyo gemu kwenye simu? Zote zipo." Ni kweli gemu ipo, nimeicheza kwenye simu. Lakini nilipoifungua, nafasi zote tatu zilikuwa tupu. Ya kwenye simu ni Zelda ya kila mtu, ile ya kabatini ni ya kaka.

Na hata hiyo "zote zipo" si kweli kama tunavyodhani. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayoitwa Video Game History Foundation ilitoa utafiti kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani hazipatikani tena sokoni kwa njia rasmi. Na hizo ni za Marekani, zenye watu wa kuzihesabu. Zile kaseti zetu za njano nani kazihesabu? Ukiifungua nyingi utakuta hamna hata chipu ya kueleweka, kuna tone jeusi tu la plastiki juu ya kibao. Likifa hakuna fundi wa kulifufua. Utoto wa mitaa mizima ya Afrika Mashariki upo ndani ya yale matone, na tunayapulizia mate.

Nilimpelekea fundi mmoja, akaniambia kwa kujiamini, "Betri? Kazi ya dakika mbili, naing'oa naweka mpya." Nikamuuliza, kumbukumbu itabaki? Akasema, "Itabaki, hamna shida." Wadau, haibaki! Ukiing'oa betri bila kuipa ile chipu umeme wa njia nyingine, inasahau papo hapo. Namshukuru Mungu nilikuwa nimesoma kabla ya kwenda. Nikamwambia ahsante, nikairudisha kwenye begi. Simlaumu sana, ametoa jibu la kupuliza, lile la kumfanya mteja aondoke ana furaha.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Kwanza, nimeipiga picha ile skrini kwa simu na nimemtumia mama. Pili, rafiki yangu mmoja wa uhandisi alinisaidia kufungua kaseti. Skurubu zake si za kawaida, zinataka bisibisi maalumu ya milimita 3.8, kuna wanaoyeyusha kichwa cha kalamu kutengeneza ya kwao, sie tuliazima. Akaipima betri, volti 2.8. Mpya huwa 3. Bado ipo hai, lakini hakuna ajuaye kwa muda gani. Tatu, kuna mchoro wa bure mtandaoni wa kifaa cha kusoma kaseti kwa kutumia Arduino, kinanakili gemu na kumbukumbu yake kwenda kwenye kadi, na kinaweza kuirudisha baada ya betri kubadilishwa. Ndicho anachokijenga jioni baada ya vipindi. Vipande viwili tunasubiri bumu litoke ndio tununue (mnajua hali zetu). Mpaka kikamilike, kaseti haiwashwi, haipulizwi, haiguswi. Ipo kwenye kibati cha biskuti na vipakiti vyake viwili vya viatu.

Kuna watakaosema nahangaika na kitoto. Kaka mwenyewe akirudi, Inshallah, pengine hata hakumbuki gemu ile. Inawezekana. Lakini mie namtaka akirudi aikute pale alipoiacha, mioyo kumi na moja, achague mwenyewe kuendelea au kufuta. Sio ifutwe na uzembe wangu.

Hoja yangu basi ni hii, na nawaomba mnipinge kama mnaweza. Kutunza kitu ni kujua kwanza ndani yake kuna nini, na kipi kati ya hivyo hakirudi kikipotea. Plastiki inarudi, springi inanunuliwa, gemu inapakuliwa. Ukishajua hilo, hutapuliza, wala hutasugua na msasa, wala hutamkubalia fundi wa dakika mbili. Na kazi yenyewe ya kutunza haina mbwembwe, ni kijiti cha pamba na kusubiri robo saa. Ile robo saa ndiyo inayotushinda.

Likizo inakuja. Mkifika nyumbani, kabla hamjaanza kuzurura, fungueni kabati. Kama kuna mashine ya zamani ya kaka, ya dada, ya mjomba, itoeni kwenye vumbi, someni adapta, safisheni meno, halafu iwasheni mwone nani kaandika jina. Mkilikuta, lipigeni picha hapo hapo. Halafu njooni mnisimulie.

Nawasilisha. Nakimbilia kipindi cha saa nane, projekta ikigoma leo nitanyamaza tu.